Koti Usiliweke Sandukuni

Kila mwaka mvua za vuli zikishashika, swali ni lile lile. Naulizwa sokoni, naulizwa baada ya ibada, na juzi nimeulizwa nikiwa kwa kinyozi, povu limejaa kidevuni: "Mwalimu, binti yangu anakwenda Ulaya Januari, abebe nini?" Anayeuliza huwa anategemea nimweleze habari za viza na nauli. Huko sina la kuongeza. Ubalozi una fomu zake na wakala wa tiketi ana bei zake. Ninachokijua ni vile vijambo vidogo ambavyo hakuna anayekuambia, na ndivyo vinavyomfanya mtu mzima aliyetoka Sengerema na heshima zake ajikute amevaa soksi mikononi mbele za watu.

Wa soksi mikononi ni mimi. Nitaeleza.

## Kosa linalozaa mengine yote

Watu hudhani baridi inaanza ukishafika. Kwa hiyo mtu ananunua koti zuri, analikunja, analibana chini kabisa ya sanduku, alivae "akishatua". Nami nilifanya hivyo hivyo. Ndege ya kwanza ilichelewa. Ya pili niliikimbilia nikaiwahi nikihema kama ng'ombe wa plau. Sanduku langu halikukimbia. Mwisho wa safari nilisimama kwenye mkanda wa mizigo, ukazunguka hadi ukabaki na kigari cha mtoto na boksi moja lisilo na mwenyewe, kisha ukazimwa. Nje, nyuzi joto 11 chini ya sifuri. Mwilini, shati la mikono mifupi na makobazi. Begi la mkononi nililifungua kwa matumaini: biskuti, Biblia, na jozi mbili za soksi nilizozichomeka dakika ya mwisho. Jozi moja ikaenda miguuni, ya pili mikononi, na mwenyeji wangu alipoacha kucheka akanivulia skafu yake.

Tangu siku hiyo nina kipimo kimoja: kitu ambacho huwezi kulala usiku mmoja bila hicho, hakiingii sandukuni. Kinavaliwa au kinakaa kwenye begi la mkononi. Nami huweka hivi:

- Koti, kofia ya mzula, glovu, soksi nzito jozi mbili. Koti lenyewe unalishika mkononi, halili nafasi ya begi.
- Viatu vya kufunika, tayari vikiwa miguuni.
- Dawa zako za siku nne au tano, ndani ya pakiti zake, pamoja na karatasi ya daktari.
- Mswaki na nguo ya ndani moja.
- Chaja na pawabenki. Hii ya pili hata ukitaka kuiweka sandukuni hairuhusiwi, maana betri za namna hiyo husafiri na abiria tu.
- Kopo dogo la mafuta ya mgando, lisizidi mililita 100.
- Karatasi yenye anwani kamili ya unakokwenda na namba mbili za simu, zimeandikwa kwa kalamu.

Karatasi hiyo ndiyo watu huidharau. "Kila kitu kiko kwenye simu, Mwalimu." Sawa. Ila betri ya simu ikipigwa na baridi kali huishiwa nguvu ghafla. Unaweza kutoka mlangoni ina asilimia arobaini, ukafika kituo cha basi imezima. Ukiipasha moto mfukoni inaweza kuwaka tena, lakini utakuwa umesimama kwenye theluji na anwani huijui. Simu ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili.

## "Lakini nitachekwa"

Utachekwa, ndiyo. Mwanza mchana kuna joto la nyuzi 28 au 29, na wewe unaingia kwenye hiace na koti la manyoya. Wacha wacheke. Wengine huniambia, "Kaka yangu atanipokea, atakuja na koti." Kaka yako atakuwa upande wa pili wa mlango wa wanaowasili, na kabla hujamfikia yeye kuna ndege iliyoegeshwa mbali na jengo, ngazi za nje zenye utelezi, na basi la uwanjani lenye milango iliyo wazi pande zote likimsubiri abiria wa mwisho ambaye bado anatafuta miwani yake ndani ya ndege. Dakika kumi tu. Zinatosha kabisa.

## Koti lenyewe

Usinunue jipya. Nenda Mlango Mmoja pale Mwanza, kwenye mitumba, uulize makoti mazito. Wauzaji huyaficha chini kwa sababu kwetu hayatoki, kwa hiyo bei yake inashuka kirahisi ukijua kuongea. Mengi yalitoka huko huko unakokwenda; unalirudisha kwao tu. Langu lilikuwa na tiketi ya tramu mfukoni, ya mji ambao sijaukanyaga hadi leo.

Kagua mambo manne: zipu ipande hadi kidevuni bila kukwama, mikono ifike kwenye vifundo vya vidole, liwe na kofia yake, na liwe pana kiasi cha kuvalika juu ya sweta. Nguo tatu nyepesi zilizopandana zinashinda moja nene, kwa sababu nyumba za kule zina joto kali ndani na utakuwa unavua na kuvaa siku nzima. Kina dada na kina kaka wote wavae taiti ndani ya suruali. Hakuna atakayeiona.

Viatu ndivyo vinavyoangusha watu. Soli laini ya kiatu cha harusi juu ya barafu ni sabuni juu ya vigae. Tafuta soli yenye meno. Na ukitembea, tembea kama bata: hatua fupi, miguu imepanuka kidogo, mikono nje ya mifuko ili ukidondoka uwe na cha kujishikizia.

## Saa: hapa wengi wameachwa na ndege

Tiketi haijui saa za Kiswahili. Inahesabu kuanzia usiku wa manane hadi 23:59, na sisi tunaanzia jua linapochomoza. Mtu anasoma 05:00 kichwani inakuwa saa tano, anafika asubuhi saa tano amepiga pasi, na ndege imeondoka saa sita kabla yake. Toa sita, au ongeza sita ikiwa namba ni ndogo; jibu likizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili tena:

- 04:15 ni saa kumi na robo alfajiri.
- 11:20 ni saa tano na dakika ishirini asubuhi.
- 17:40 ni saa kumi na moja na dakika arobaini jioni.
- 00:30 ni saa sita na nusu usiku, na hii ndiyo mbaya kuliko zote.

Ni mbaya kwa sababu ya tarehe. Ndege ya 00:30 tarehe 15 inaondoka usiku wa kuamkia tarehe 15. Maana yake tarehe 14 jioni, watu wakila ugali, wewe uko tayari uwanjani. Ukingoja tarehe 15 iingie, ilale, ndipo uende usiku wake, umechelewa siku nzima. Nimewahi kumsindikiza mzee mmoja aliyekuwa anabishana na kaunta kwamba tarehe ni ile ile. Tarehe ilikuwa ile ile. Ndege haikuwepo.

Jambo la pili: majira ya baridi wenzetu wa Ulaya hurudisha saa nyuma, kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi Jumapili ya mwisho ya Machi. Kipindi hicho Amsterdam na Berlin wako nyuma yetu kwa saa mbili, London tatu. Katikati ya baridi New York wako nyuma saa nane, Minneapolis tisa. Istanbul, Doha na Addis Ababa hawatusumbui, tuko nao sawa mwaka mzima. Tena Waethiopia majumbani kwao huhesabu saa kama sisi, kwa hiyo ukimuuliza mfagiaji pale Addis, uliza vizuri ni saa ya nani.

## Kutoka Sengerema hadi Dar

Zamani ukikosa ndege Mwanza ulikuwa na kisingizio kizuri: kivuko. Foleni ya Busisi ilikuwa inamaliza hata saa mbili. Tangu Juni 2025 tunapita juu ya Daraja la J.P. Magufuli, kilomita tatu za maji kwa dakika chache, na kisingizio kimekufa. Watu wamehamishia uzembe wao huko: sasa wanaondoka wamechelewa zaidi. Kumbuka uwanja wa ndege uko upande wa pili wa jiji. Ukishavuka Kigongo bado una Usagara, Nyegezi, na Mkuyuni, na Mkuyuni ikinyesha mimi sina la kusema. Wakati kwao ni theluji, kwetu ni mvua. Safari yako ina majira mawili mabaya. Anayeishi karibu na Kamanga bado anaweza kupita na kivuko hadi mjini, mradi ajue ratiba yake.

Dar es Salaam nitapita haraka:

- Ndege za ndani zinatua Jengo la Pili, za nje zinaondokea Jengo la Tatu. Si jirani wa kutembea na masanduku juani.
- Kama tiketi ya Mwanza–Dar umenunua mbali na ile ya nje, ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haina habari na wewe. Lala Dar usiku mmoja. Gharama ya gesti ni ndogo kuliko tiketi mpya.
- Soma lebo inayobandikwa kwenye sanduku. Herufi tatu kubwa ndizo linakokwenda sanduku. Kama unakwenda Amsterdam ziwe AMS. Zikiwa DAR, utalichukua mwenyewe Dar.
- Anayekwenda Marekani: hata lebo ikisema Minneapolis, sanduku unalichukua kwenye uwanja wa kwanza wa Marekani unapokanyaga, unapita nalo forodhani, kisha unalikabidhi tena. Wengi huliacha linazunguka huko wakidhani linawafuata.

## Dagaa

Najua utabeba. Usinidanganye. Mama ameshaanika, shangazi ameshaleta matobolwa ya viazi vitamu, na mtu ambaye humfahamu vizuri ameleta bahasha "ya kumpa kijana wangu, yuko huko huko Ulaya". Tuanze na bahasha: kama hujaiona ndani, haipandi ndege. Hata ya shemeji. Unapoulizwa kaunta kama umefunga mzigo mwenyewe, wanamaanisha hivyo.

Dagaa sasa. Nchi za Umoja wa Ulaya zinamruhusu abiria kuingia na samaki wa kula mwenyewe hadi kilo 20. Akiwa mbichi awe ametolewa matumbo. Nyama na maziwa kutoka kwetu hapana, na hapo samli ya bibi inahesabika, vilevile nyama ya kukausha. Asali kilo mbili. Embe bichi lina masharti yake ya cheti, liache; ndizi na nanasi hazina. Marekani usifiche chochote cha kuliwa: kitaje kwenye tamko la forodha, wakikitaka watakichukua na mtaagana vizuri. Faini hupigwa aliyenyamaza.

Kuruhusiwa ni jambo moja na harufu ni jambo la pili. Lile sanduku langu lililobaki nyuma lilikuwa na kilo mbili za dagaa wa jua kwenye mfuko wa karatasi, katikati ya suti. Lilikaa siku tatu kwenye stoo, na stoo za majira yale zina joto kama tanuri. Kijana aliyelileta mlangoni alikuwa amenyoosha mkono wake wote, kichwa amegeuzia barabarani, kama mtu anayebeba paka aliyekufa. Akanipa karatasi nisaini. Akaniuliza taratibu kama ndani kuna mnyama. Nikamwambia ni chakula. Akatazama suti niliyokuwa nayo mgongoni, ya kuazimwa, akanitazama mimi, akaniambia pole.

Ile suti ya sandukuni ilifuliwa mara nne. Funga hivi:

1. Kaanga dagaa wakauke, bila mafuta, kisha waache wapoe kabisa. Wakifungwa na joto watatoa unyevu na hapo harufu ndipo inapozaliwa.
2. Watie kwenye kopo gumu lenye mfuniko wa kuzungusha. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na hata hivyo haizuii kitu.
3. Zungushia selotepu mfunikoni, mara tatu.
4. Kopo liingie kwenye ndoo ndogo au kopo kubwa zaidi. Nguo zikae mbali nalo.
5. Bandika karatasi inayosema ni samaki wakavu, kwa Kiingereza. Afisa asiyejua hufungua, anayejua huacha.

Matobolwa hayana shida, ila yanafanana na magome ya mti. Niliwahi kuulizwa ni nini, Kiingereza kikanipiga chenga, nikachukua kipande kimoja nikatafuna mbele ya afisa. Akakubali. Michembe ya viazi usijaribu hivyo, haijachemshwa, utavunja jino.

Uzito: tiketi nyingi husema kilo 23 kwa sanduku. Usikisie kwa kunyanyua. Nenda kwa mnunuzi wa mpunga au mwaloni, uombe mzani dakika moja. Mtu anayefungua sanduku kaunta na kuanza kugawa makopo ya dagaa kwa waliomsindikiza, hilo ni tamasha ambalo nimeliona zaidi ya mara moja.

## "Wanaiosha ndege"

Ukiondoka uwanja wenye theluji utaona gari lenye mkono mrefu likiizunguka ndege na kuimwagia maji ya rangi ya chungwa, pengine ikifuatia ya kijani kama jeli. Jirani yangu wa kiti aliguna: tumeshapanda ndipo wanakumbuka kuosha? Si kuosha. Ni dawa ya moto ya kuyeyusha barafu juu ya mabawa, na ile ya pili huzuia nyingine isigande kabla ya kupaa. Barafu hata nyembamba huharibu umbo la bawa, na ndege inaweza kukosa nguvu ya kunyanyuka. Foleni ya gari hilo huchelewesha ndege saa nzima au zaidi. Usimpigie kelele mhudumu. Kaa, funga mkanda, na ukajisaidie kabla hawajaanza.

Kibaya zaidi ni safari kufutwa. Januari 24, 2022 theluji ilisimamisha safari zote za uwanja mpya wa Istanbul, ambako Watanzania wengi huunganishia, na paa la ghala moja la mizigo likaanguka kwa uzito wa theluji hiyo. Viwanja vikubwa navyo hulala. Ikikukuta:

- Panga foleni na papo hapo piga simu ya shirika. Atakayekujibu kwanza ndiye wa kufuata.
- Uliza chakula na pa kulala. Ukiwa unaondoka uwanja wa Umoja wa Ulaya kwa safari ndefu kama hii ya kwetu, kuchelewa saa nne kunakupa haki ya mlo, na ndege ikilala, hoteli. Watakuambia "ni hali ya hewa, hatudaiwi". Hiyo ni nusu ya ukweli: hali ya hewa inafuta fidia ya euro 600, haifuti mlo wala kitanda.
- Kama huna viza ya nchi hiyo, hoteli ya nje ya uwanja huifikii. Utalala kwenye kiti au kitanda cha turubai ndani. Hapa ndipo koti lile unalolishika mkononi linapogeuka blanketi.
- Usiondoke ukumbini bila kuandikisha sanduku lililopotea. Wakupe karatasi yenye namba. Sanduku likija limevunjika una siku saba za kulalamika kwa maandishi; likichelewa, siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Tunza risiti za mswaki na soksi ulizonunua.
- Funga kipande cha kitenge kwenye mkono wa sanduku, ulipige picha kabla hujaondoka. "Jeusi, lina magurudumu" halimsaidii mtu.

## Usishtuke na haya

Utagusa kitasa cha mlango na kupigwa shoti. Utamsalimia mwenyeji wako kwa mkono, shoti tena. Si umeme mbovu wala si mkono wa mtu; hewa ni kavu na mazulia yanasugua. Gusa kwanza kwa ufunguo. Midomo itapasuka, pua inaweza kutoa damu kidogo, ngozi itapauka kama umepita kwenye jivu: mafuta ya mgando, asubuhi na jioni, na maji mengi.

Giza nalo litakuchanganya. Mwishoni mwa Desemba jua la Amsterdam linachomoza saa tatu kasoro asubuhi na kuzama saa kumi na nusu jioni. Siku yangu ya kwanza niliaga nikalale; ilikuwa saa kumi na mbili, watu walikuwa hawajapika.

Na sisi wa ziwani jambo moja: ukienda Minnesota au Kanada utaona watu wanatembea juu ya ziwa, wengine wametoboa barafu wanavua samaki kwa tundu lisilozidi mdomo wa ndoo. Ni kweli, si filamu. Usiwafuate bila mwenyeji. Wao wanajua unene wa barafu yao kama wavuvi wetu wanavyojua upepo.

Foleni ya kuingia Ulaya nayo imerefuka: tarehe 12 Oktoba 2025 walianza kuchukua alama za vidole na picha za wageni mpakani. Ukiwa na ndege ya kuunganisha ya ndani ya Ulaya, saa moja ya kati haitoshi. Dai tatu.

## Kurudi

Utatua Dar na koti, jasho likikutiririka, na hutaamini lilikuwa na kazi. Usiligawe uwanjani. Lifue, lianike kivulini, lirudishe Sengerema. Langu limeshakwenda na watu wanne baada yangu. Kwa sasa liko na kijana wa jirani anayesoma Ujerumani, atalileta Aprili. Anayesafiri msimu ujao aje tuongee mapema. Zipu ni nzima. Kitufe cha pili kutoka juu kimelegea, aje na sindano na uzi mweusi.